Maji Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

27 Septemba

Naandika ili nikumbuke nimeziba wapi. Jana nilipanda juu ya gari na gundi ya silikoni, nikaziba, nikashuka. Leo nikiwa mjini maji yameingia vilevile, na sikumbuki kama nilianzia kona ya mbele au ya nyuma. Marehemu mke wangu Twyla angekumbuka bila kuandika.

Gari hili ndilo nyumba yetu, mimi na mama yake Twyla. Ubavuni lina sehemu inayotoka nje ukibonyeza swichi, ukuta mzima pamoja na paa lake na sakafu yake, kama droo ya kabati. Sisi tunaiita hivyo, droo. Ikiwa nje tunapata nafasi ya kupita. Ikiwa ndani mtu anapita kwa ubavu na kuomba radhi. Kitanda cha Mama Imogene kimo ndani ya droo, na maji yanatokea chini ya kitanda hicho.

Leo nimeziba: kona ya mbele, juu.

28 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa nyumbani siku nzima, uvunaji haujaanza. Tone halikuingia. Nimefurahi, nimejipongeza.

1 Oktoba

Kazi imeanza. Hapa Dakota Kaskazini viazisukari vinavunwa usiku na mchana mpaka ardhi igande, na sisi tunaoishi kwenye magari tunatoka kila upande wa nchi kuja kuvipokea. Nimepangiwa zamu ya mchana kwenye mashine inayorundika. Lori linamwaga, mimi naelekeza linalofuata, nakwangua tope, napokea kelele. Nyapara wetu ni mama wa hapahapa anaitwa Ardis. Hapigi kelele. Anakutazama tu mpaka wewe mwenyewe ukimbie.

Nimerudi mwili unauma kila mahali. Godoro la Mama limelowa upande wa ukutani. Mchana palivuma na kunyunyiza kidogo tu, hata koti sikuvaa.

2 Oktoba

Nimeinua godoro. Plaiwudi ya chini imeanza kuvimba. Ikivimba zaidi droo itakwama nje, na gari lenye droo nje haliendi popote. Uwanja huu wa maonyesho ya mifugo tulimopewa kuegesha unakatiwa maji ardhi ikiganda, na baada ya hapo ni theluji. Nililiwaza hilo nimekaa sakafuni na tochi mdomoni.

Mama Imogene alikuwa anamenya viazi.

"Umepata tundu?" akauliza.

"Bado."

"Basi toa tochi mdomoni. Unaonekana kama mbwa aliyeokota kitu."

4 Oktoba

Jirani yetu Dub Akins, mtu wa Texas, amekuja na mirija minne ya silikoni na maneno mengi.

"Kaka, unaziba kama mtu anayepaka jemu. Maji yanatafuta njia, nawe unayaachia njia. Tuzungushe droo yote, juu, ubavuni, na chini. Asipite hata mdudu."

"Chini pia?"

"Chini ndiyo kabisa."

Tukazungusha. Amefanya kazi safi, laini kama krimu ya keki. Mama Imogene alitupa kahawa kupitia dirishani. Dub akamwambia, "Bibi, usiku wa leo unalala kwenye mtungi." Mama akasema mtungi ni wa kuhifadhia achari. Dub alicheka mpaka akakohoa.

5 Oktoba

Upepo mkali, mvua robo saa, kazi ikaendelea. Nimerudi nimekuta silikoni ya Dub imechanika kote kote, inaning'inia kama nyuzi za jibini. Maji chini ya kitanda yamezidi.

6 Oktoba

Nimemfuata Dub nikamwambia silikoni yake ni takataka. Nilikuwa nimechoka na nilisema mengine pia. Mkewe alikuwa anasikiliza.

Dub hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akaja, akashika ule uzi uliochanika, akauvuta.

"Hii haikukatika yenyewe, kaka. Droo yako imetembea."

"Imetembea vipi na mimi niko kazini?"

"Mimi naisoma silikoni, siwasomi watu wa nyumbani kwako."

Nikamwambia aende. Akaenda. Mtu mwenye mdomo vile, unamwamini siku ya kwanza, siku ya pili unaona ni mdomo mtupu.

7 Oktoba

Mama anakohoa.

9 Oktoba

Mvua kubwa kutwa kucha. Mashamba yamekuwa uji, malori hayawezi kuingia, Ardis ametufungia kazi. Nilikaa ndani, nikasikiliza paa, nikapapasa kila kona na karatasi ya chooni mkononi nione itakapolowa. Haikulowa. Mvua ya siku nzima, hakuna tone. Halafu mvua ya robo saa nikiwa kazini inanijazia sakafu.

Nilianza kufikiri mambo ya kijinga. Kwamba Mama anamwaga maji. Kwamba mtu anatuchezea. Jioni nilimtazama akikunja nguo zake, nikaona aibu, lakini sikuacha kufikiri.

10 Oktoba

Lavonne, dada yake Twyla, amepiga simu kutoka Tulsa. Akasema nimpe Mama simu, nikampa, Mama akazungumza habari za hali ya hewa na akakohoa mara tatu. Lavonne akataka nirudishiwe simu.

"Garland, hicho ni kikohozi gani?"

"Vumbi la viazi."

"Usinidanganye. Amesema godoro linaanikwa. Kwa nini godoro linaanikwa?"

Nikamwambia. Angekuja kujua tu.

"Huyo ni mama yangu," akasema, "si sanduku la vifaa uliloachiwa na Twyla. Kuna nyumba ya wazee mtaa wa pili kutoka kwangu. Kuna kitanda. Nakuja tarehe ishirini na mbili. Nikikuta kitanda chake kimelowa au ukuta una ukungu, naondoka naye."

"Umemuuliza?"

"Wewe ulimuuliza ulipompandisha kwenye hilo gari?"

Nilikata simu kwa adabu. Mama alikuwa amesikia yote, gari letu si kubwa hivyo. Akaniwekea maharage na mkate wa mahindi.

Nitaandika kweli, maana hakuna wa kusoma. Nilipolala niliwaza: aende. Nikirudi kutoka kazini nalala popote, hata sakafuni, droo ikwame au isikwame. Twyla alipokuwa hospitali aliniambia nisimwache mama yake, nikaitikia, na mtu aliye kitandani vile unamwitikia lolote. Lakini miezi inapita, na mimi na huyu mama tunazungumza habari za kuchemka kwa maji na kuisha kwa sukari, basi. Hajawahi kuniambia anapenda kuwa hapa. Mimi sijawahi kumuuliza.

12 Oktoba

Joto limepanda kupita kiasi. Viazi vya moto vikirundikwa vinaoza, kwa hiyo leo hakukuwa na kazi. Mvua inatufunga, joto linatufunga. Nimekwangua ukungu nyuma ya kitanda kwa siki. Mweusi, ukubwa wa sahani.

13 Oktoba

Leo nimekuta jani.

Nilipanda kiti ili nitazame juu ya droo kwa ndani, pale ambapo paa lake linapita chini ya dari yetu. Pana upenyo wa kuingiza vidole. Nikaingiza vidole, nikatoa jani la njano, limelowa. Ni la mti huu mkubwa tulioegesha chini yake. Nikaingiza tena, nikatoa mengine, yamekuwa tope.

Jani haliwezi kupita kwenye tundu la msumari. Nimekaa nalo mkononi muda mrefu. Mama akauliza kama nalisalimia.

14 Oktoba

Sasa najua.

Asubuhi ilikuwa kavu. Saa nne wingu likaja kutoka kaskazini, upepo ukaanza kusukuma malori, mvua ikafuata. Ardis alitutazama, akatazama mashine, akafanya ishara ya mkono shingoni. Kazi imefungwa. Nikarudi kambini mapema kwa lifti.

Kwa mbali niliona gari letu limekaa vibaya. Ubavu ulikuwa bapa. Droo ilikuwa ndani.

Nilifikiri Mama ameanguka juu ya swichi. Nikakimbia kwenye tope, nikateleza, nikainuka. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ndani giza, droo imemeza nafasi yote, maji yanachuruzika kutoka juu ya paa lake, kwa ndani, tiririri, juu ya kitanda. Nikaita. Akaitika kutoka bafuni.

Nilimkuta amekaa kwenye sakafu ya bafu ndogo, amevaa viatu na koti, mkoba mapajani, mto kichwani ameushika kwa mikono miwili.

"Umerudi mapema," akasema.

"Mama, unafanya nini?"

"Nasubiri upepo upite."

Nikakaa mlangoni mwa bafu maana pengine pa kukaa hapakuwepo. Upepo ulitikisa gari, naye akafumba macho kila lilipotikisika. Nikamuuliza nani ameingiza droo. Akanitazama kama nimeuliza nani amewasha taa.

"Mimi. Naiingiza kila upepo ukija. Kisha naitoa kabla hujarudi, upate pa kuvulia mabuti."

"Kila mara?"

"Kila upepo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unatafuta tundu. Sikuona tundu."

Halafu akanieleza, bila haraka, mto bado kichwani. Walipokuwa wakiishi Arkansas, wasichana wakiwa wadogo, mumewe aliongeza chumba ubavuni mwa nyumba. Twyla na Lavonne walilala humo. Kimbunga kilipokuja hakikugusa nyumba. Kiling'oa kile chumba peke yake, kikakipeleka mpaka ng'ambo ya barabara. Wasichana walipatikana ndani yake, wamefunikwa na ukuta, wazima. Yeye alitembea juu ya vioo bila viatu kwenda kuwafukua.

"Nyumba inabaki," akasema. "Kilichojitokeza ndicho kinachoondoka."

Twyla hakunieleza hata siku moja. Miaka yote ile. Alikuwa na kovu nyuma ya sikio, na mimi nilidhani ni la baiskeli.

Nikamuuliza mbona usiku upepo ukivuma haamki kuingiza droo.

"Usiku wewe upo," akasema. "Kuna mtu wa kunifukua."

Tukakaa pale mpaka upepo ukatulia.

15 Oktoba

Sasa naandika jinsi ilivyo, kwa utaratibu, maana leo nimetazama yote kwa macho ya mchana.

Paa la droo ni bapa. Mvua inatua pale pamoja na majani. Droo ikibaki nje, maji yanakaa hukohuko nje. Ikiingizwa, paa linaingia ndani na kila kilicho juu yake. Juu pana mpira mrefu wa kufagia maji yasipite, lakini mpira wetu umezeeka, na ukingo wake umekunjika kuelekea ndani. Badala ya kufagia ulikuwa unachota. Na ile silikoni ya Dub ya chini iliziba mahali ambapo maji yakishaingia yangetokea. Yakabaki kwenye plaiwudi, yakainywesha.

Mimi niliziba paa zima la gari nikitafuta tundu. Hapakuwa na tundu.

Nimekwenda kwa Dub.

"Nimekuja kukwambia ulisema kweli."

"Kuhusu nini? Mimi nasema mengi."

"Kwamba droo ilitembea."

"Aaa." Akajikuna shingo. "Na kuhusu chini?"

"Kuhusu chini ulinipoteza."

"Basi nusu kwa nusu. Kwangu hiyo ni siku nzuri." Akachukua kisu chake cha kukwangulia akanifuata, na mkewe akasema afadhali, tangu ugomvi wetu alikuwa anamkwangua yeye kwa maneno.

Tumetoa silikoni yote. Chini maji yalitoka kwa kububujika, ya kahawia.

17 Oktoba

Jua. Zamu ndefu. Mpira mpya umefika kwenye duka la vipuri mjini, Dub ameniletea. Jioni tumeufunga, ukingo ukitazama nje. Mikono ilikuwa inakufa kwa baridi.

18 Oktoba

Tumekata sehemu ya plaiwudi iliyooza mbele ya kitanda na kuweka mpya. Iliyotoka ilikuwa laini, unaibonyeza kwa kidole gumba inaacha shimo. Halafu nimeinua gari upande wa pili kwa vipande vya mbao, ili paa la droo liinamie nje kidogo na maji yaondoke yenyewe.

Mama hajaipenda hiyo. "Mayai yanakimbilia ukutani," akasema. "Na mimi nimelala kama nateremka mlima."

"Geuza kichwa kiwe upande wa miguu."

"Umri wangu huu, unanigeuza kama chapati."

Amegeuza.

19 Oktoba

Hili ndilo gumu, na halina gundi. Mpira mpya unafagia, lakini haufagii kila kitu. Mvua ikiwa juu ya paa na droo ikaingizwa, maji kiasi yataingia. Lazima paa lifagiliwe kwanza kwa ufagio, kwa ngazi, na Mama hawezi kupanda ngazi. Kwa hiyo nikiwa kazini droo isiguswe, hata upepo uvume namna gani.

Ningeweza kuchomoa fyuzi ya swichi, na Dub alishauri hivyo. "Chomoa, weka mfukoni, maneno yamekwisha." Nilikwenda mpaka kwenye kisanduku. Nikamfikiria anabonyeza swichi haifanyi kazi, na kile kitu kimejitokeza nje upande ule, na hakuna wa kumfukua. Nikafunga kisanduku.

Nimemwambia Mama jinsi ilivyo. Nikamwambia pia kwamba mabafu ya pamoja ya uwanja huu ni ya matofali, yako hatua chache tu kutoka mlangoni, na upepo ukimtisha aende akakae kule, mke wa Dub atampeleka. Akasikiliza.

"Na droo ibaki nje."

"Ibaki nje."

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa kitanda kitalowa, na Lavonne anakuja Jumatano."

Akafikiri. Nikaona nimetumia jina la Lavonne kama fimbo, nikajaribu tena. Nikamuuliza anataka nini, kubaki au kwenda Tulsa. Ni mara ya kwanza nimemuuliza kitu kisicho cha jikoni.

"Kule watanipa chumba na mtu nisiyemjua, mwenye televisheni," akasema. "Hapa nina mtu nisiyemjua asiye na televisheni."

Sijui kama hilo ni jibu. Alikuwa anatabasamu kidogo.

20 Oktoba

Upepo mchana kutwa, hakuna mvua. Nimerudi droo iko nje. Mke wa Dub anasema walikaa kwenye mabafu ya matofali saa nzima na Mama amemfundisha kusuka kikapu cha karatasi.

21 Oktoba

Mvua kidogo. Sakafu kavu. Kikohozi kimepungua, au nataka kusikia hivyo.

22 Oktoba

Ilianza alfajiri, mvua ya kulala ubavu. Ardis hakututoa hata majumbani, alituma ujumbe tusije. Saa sita upepo ukageuka, ukatoka Kanada moja kwa moja. Mti juu yetu ulikuwa unalia. Lavonne aliingia na gari lake katikati ya hayo, koti juu ya kichwa, akapanda ngazi zetu bila salamu.

Akamkumbatia mama yake. Kisha akavua glavu, akaanza kazi. Alipapasa ukuta. Alifungua kabati akanusa. Alipiga magoti akapitisha kiganja sakafuni, kwenye plaiwudi mpya, akakitazama kiganja. Mimi nilisimama kama mwanafunzi mbele ya ubao. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, ndani ya droo, mikono mapajani.

Ndipo likaja pigo moja la upepo lililoinua gari kidogo na kulirudisha. Vikombe viligongana. Droo ikatoa mlio, ule wa chuma kinapolalamika, na ukuta wa nje ukatetemeka mbele ya macho yetu.

Lavonne akawa mweupe. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, meneja wa ofisi, nilimwona akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama, toka hapo. Ingiza hicho kitu ndani. Garland, mwambie aingize."

Swichi iko ukutani, karibu na mkono wa Mama. Nilimwona akiitazama. Lilikuja pigo lingine, naye akaitazama tena, mkono wake ukasogea kuielekea. Kama angebonyeza, maji ya juu ya paa yangemmwagikia na Lavonne angeyaona kwa macho yake. Kama asingebonyeza, angebaki amekaa ndani ya kitu kile kile kilichowachukua wanawe. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na sikujua nitafanya nini akibonyeza. Nadhani ningemwacha.

"Kaa chini, Lavonne," akasema.

"Mama."

"Kaa hapa. Hakuna kimbunga hapa, ni upepo tu. Upepo wa huku unavuma hivi hata siku za harusi."

Lavonne akakaa. Kitanda kile kina mteremko, kwa hiyo aliteleza mpaka akamgusa mama yake bega kwa bega, wakabaki hivyo, wote wawili wakitazama dari. Sijui walisikiliza muda gani. Mimi nilichemsha kahawa maana nilihitaji kushika kitu. Nilipogeuka, Lavonne alikuwa ameingiza mkono chini ya mama yake, anapapasa godoro kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Kavu," akasema, kama mtu aliyedhulumiwa.

"Najua ni kavu," Mama akamjibu. "Ndimo ninamolala."

23 Oktoba

Lavonne amelala hotelini mjini na amerudi saa tatu kuaga. Hakurudi kwenye habari ya kile kitanda cha Tulsa, na Mama hakumkumbusha. Kumekucha na jalidi. Ardis anasema zimebaki siku chache.

Tulimsindikiza mpaka kwenye gari lake. Akawasha injini, akakaa, kisha akateremsha kioo.

"Garland. Mkiwa njiani kwenda kusini hiyo droo si itakuwa ndani? Na mvua ikinyesha siku ya kuondoka?"

"Nitapanda na ufagio kwanza."

"Na ukiwa juu na ufagio, upepo ukija?"

Hilo sikuwa nimelifikiria.

"Mimi nitakuwa chini," Mama Imogene akasema. "Nitamshikia ngazi."